Wote Wamerudi

Mama yangu alikuwa anapenda umeme ukatike. Ujiji nzima ikilaani, mashine za kusaga zikinyamaza katikati ya debe la mtu, vinyozi wakibaki na vichwa nusu, yeye anakaa barazani na simu mapajani akingoja urudi. Taa ya ukumbini ikiwaka tu, anabonyeza simu, anasoma, halafu anaiweka kifudifudi juu ya mkeka na kutabasamu. Hasomi mara ya pili. Anakaa hivyo kidogo, kisha anainuka kwenda kuchochea moto.

Mimi nilidhani ni uzee unabisha hodi. Nikamtania, nikamwambia, "Mama, kama umepata mchumba sema tujue, tuandae pilau." Akacheka, akaniambia nina mdomo mchafu kama wa marehemu shangazi yangu. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Nyumba yetu wakati ule ilikuwa na mambo mengi yasiyoulizwa.

Kazi yangu ni kutunza mitambo midogo ambayo wakubwa huizindua kwa hotuba na kisha kuisahau. Vipimo vya mvua huko juu Kalinzi, pampu za maji, na kisanduku cha mwaloni Bangwe, pale mitumbwi ya wavuvi inapotoka na kuingia. Hicho kisanduku ndicho chenye habari hii. Kina ukubwa wa mkate, kimepigiliwa ukutani katika chumba cha karani wa mwalo, kina laini yake ya simu ndani, na kina betri iliyokufa zamani. Ombi la betri mpya nimeliandika mpaka nimechoka kuliandika. Kwa hiyo umeme ukikatika nacho kinazima, umeme ukirudi nacho kinaamka.

Kinafanya jambo moja tu. Mvuvi akitoka, karani anabonyeza kwamba mtumbwi fulani umetoka. Akiingia, anabonyeza kwamba umerudi. Mke, mama, mwenye nyavu, yeyote mwenye simu janja anafungua ukurasa na kuona ni mitumbwi mingapi iko nje. Mwanamke wa Ujiji hahitaji tena kutembea mpaka ufukweni na kusimama akikinga macho kwa kiganja. Ni kitu kizuri, na nasema hivyo mimi ambaye si mwepesi wa kusifu.

Ukurasa wenyewe uliandikwa kwanza na kijana mtaalamu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Mitumbwi yote ikiwa imeingia, ukurasa ulisema: Hakuna mtumbwi nje. Wazee wa mwalo wakakataa katakata. Mwaloni kwetu neno "hakuna" halitamkwi. Mvuvi aliyerudi mikono mitupu ukimuuliza kapata nini, atakwambia ziwa limelala. Hawezi kusema hakuna, kwa sababu ziwa likisikia litalifanya neno lako kuwa kweli. Yule kijana alibishana nao asubuhi nzima, akashindwa, akaandika walivyotaka. Hesabu ya walio nje ikifika sifuri, ukurasa useme kile ambacho wanawake wa mwaloni wamekuwa wakipaziana sauti tangu kabla ya bibi yangu kuzaliwa: Wote wamerudi.

Kisha akapandishwa cheo, akahamishwa, na kisanduku nikaachiwa mimi.

Sasa nimtaje kaka yangu. Alikuwa mkubwa wangu, na alivua peke yake kwa ndoana kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuelewana naye zaidi ya wiki moja. Alikuwa mbishi, mchoyo wa maneno, na akirudi nyumbani alikuwa na desturi ya kugonga kandambili zake mara mbili kwenye ngazi ya mlango ili kukung'uta mchanga. Pa, pa. Mama akisikia hivyo anaweka maji ya ugali jikoni bila kugeuka. Asubuhi moja ya kiangazi alitoka kufuata kuhe, samaki wa vilindini. Karani akabonyeza kwamba ametoka. Mchana upepo ukaja kutoka kusini na kuligeuza ziwa. Walimtafuta mpaka upande wa Kongo. Hawakupata mtumbwi, hawakupata kasia, hawakupata hata kofia.

Karani hakubonyeza kwamba amerudi, maana angesema uongo. Na kisanduku kilijua maneno mawili tu, kutoka na kurudi. Basi kaka yangu akabaki nje. Kila asubuhi, wavuvi wote wa dagaa wakishaingia na taa zao zimezimwa, ukurasa ulisema: Mtumbwi mmoja uko nje. Watu wa mwaloni wakauzoea. Mmoja ni yule, walisema. Ikiwa miwili, ndipo wanaanza kuulizana.

Sheikh wa msikiti wetu alikuja nyumbani mara kadhaa. Alitaka tumsalie kaka sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, tusome hitma, moyo wa mama upate pa kupumzika. Alisema kwa upole, na kila mara mama alimwandalia chai ya tangawizi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha simu.

"Soma hapo, sheikh. Kinasema nje. Hakisemi chini."

Sheikh akainamisha kichwa, akamaliza chai yake, akaondoka.

Tuliishi hivyo. Chumba chake kilifagiliwa kila Ijumaa. Sahani yake ilibaki juu ya rafu, na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia hata siku ya wageni wengi. Mlango wa mbele haukufungwa kwa komeo mchana wala jioni. Mimi nilikuwa mkali kwa mambo hayo, nikamwambia mama tunawaalika wezi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeanza kusikia zile kandambili. Nikiwa nafua uani nasikia pa, pa mlangoni, nainua kichwa, nabaki na nguo mikononi huku povu linadondoka miguuni. Nikichungulia ukumbini namkuta mama naye amenyoosha shingo. Hatukuambiana kamwe kwamba tumesikia. Mtu akisema amesikia, ni lazima mwingine aende kutazama.

Siku niliyogundua alichokuwa anasoma kwenye simu, umeme ulikatika saa za asubuhi nami niko nyumbani. Uliporudi, mama alikuwa jikoni mikono imejaa unga wa muhogo.

"Mwanangu, upesi, nifungulie ule ukurasa wa mwalo. Upesi kabla hakijaamka."

Nikaufungua. Ukurasa ulisema: Wote wamerudi.

Nikaufungua tena, na safari hii ukasema: Mtumbwi mmoja uko nje. Mama alinipokonya simu kwa mikono yake ya unga.

"Nani kakwambia uulize mara mbili?" alisema. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

Nilielewa kilichotokea kabla hajamaliza kunigombeza, maana ni kazi yangu kuelewa. Ndani ya kisanduku mnaishi wawili. Yuko seva, ambaye ni bawabu: kazi yake ni kukaa mlangoni, kupokea kila simu inayopiga hodi na kurudisha jibu. Na iko programu, ambayo ndiyo mwenye nyumba, yenye kujua nani katoka na nani karudi. Umeme ukirudi, bawabu anaamka mara moja na kufungua mlango. Mwenye nyumba ni mzito. Anachukua muda kujikusanya, kuvuta orodha yake kutoka mahali ilipohifadhiwa, kukumbuka. Ukipiga hodi katikati ya muda huo, bawabu anapokea, anachungulia ndani, anakuta orodha tupu. Tupu kwake ni sifuri. Na sifuri, kwa amri ya wazee wa mwalo, husomeka: Wote wamerudi.

Kama ukurasa ungeachwa na maneno ya yule kijana mtaalamu, ungesema hakuna mtumbwi nje, na mama asingepata chochote cha kumfanya atabasamu. Lakini tulikuwa tumekifundisha adabu ya mwaloni.

"Mama, hicho ni kisanduku kinaweweseka usingizini," nilimwambia. "Hakijui kinachosema. Ni kazi ndogo tu kukitengeneza."

"Najua hakijui," alisema. Alikuwa ananawa mikono na hakunitazama. "Unadhani mimi mtoto? Najua ni uongo. Lakini kwa muda ule mdogo, mahali pamoja duniani pameandikwa kwamba mwanangu amerudi. Usikiguse."

Sikukigusa. Nilijiambia kwamba ni muda mfupi mno, nani mwingine atauliza wakati huohuo hasa? Nilijiambia kwamba betri mpya ikija tatizo litaisha lenyewe. Na niseme wazi, nami nilianza kukaa karibu na simu umeme ukikatika. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha nikaona yale maneno mawili, na papo hapo nikasikia kandambili zinagongwa kwenye ngazi. Nilikimbia mlangoni. Ngazi ilikuwa imelowa na hapakuwa na alama ya mguu. Nilisimama pale nikilia kwa hasira, sijui namkasirikia nani.

Kisha ikaja siku ya Kalinzi. Niliondoka mapema kwa pikipiki kwenda kutazama kipimo cha mvua ambacho mbuzi walikuwa wamekifanya mahali pa kujikunia. Nilimaliza kazi, nikala ndizi kwa wenyeji wangu, nikarudi Ujiji alasiri. Kabla ya kufika nyumbani nilisikia vigelegele. Nikadhani kuna harusi mtaani ambayo sikualikwa, na nikaanza kununa kama ada yangu.

Vigelegele vilikuwa kwetu. Uani palijaa wanawake. Sufuria kubwa la wali lilikuwa mekoni, migebuka ilikuwa inakaangwa kwa mawese, na mama yangu alikuwa amevaa kanga mpya ambayo nilimnunulia Idd na hakuwahi kuivaa. Sahani ya kaka yangu ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye rafu. Ilikuwa mikononi mwa mama, anaipangusa kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, kaonekana," alisema. Uso wake ulikuwa wa miaka mingi nyuma. "Kaka yako kaonekana."

Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mke wa mvuvi, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kuamsha wafu, ndiye aliyekuwa anakoroga sufuria. Akanieleza huku anapangusa jasho. Asubuhi umeme ulikatika, uliporudi akafungua simu atazame kama mumewe ameingia. "Nikaona wote wamerudi! Wote, dada! Si mmoja yuko nje kama siku zote. Nikajua hapa hata yule wetu amepatikana. Sikuvaa hata viatu, nikakimbia kwa mama."

Wengine wakaongezea. Mmoja alisema ameokotwa na watu wa Kongo, alikuwa mgonjwa, sasa analetwa. Mwingine alisema analetwa na boti ya mizigo na kwamba amefuga ndevu. Asubuhi lilikuwa neno la kisanduku, adhuhuri lilikuwa na ndevu. Mwaloni kwenyewe hapakuwa na wa kuulizwa, maana karani alikuwa amekwenda mazikoni tangu mapema, amemwachia funguo binti yake asiyejua zaidi ya kubonyeza.

Nilisimama na kofia ya pikipiki mkononi. Nilitoa simu nikafungua ukurasa.

Ulisema: Mitumbwi miwili iko nje.

Mmoja niliujua. Nikamtazama yule jirani, ana mwiko mkononi, ameloa jasho, anacheka.

"Dada," nikamuuliza, "mumeo yuko wapi?"

"Atakuwa kapitiliza Kibirizi kuuza. Akipata migebuka hupitiliza. Mbona?"

Nilimpa simu. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Nilimwambia kwamba asubuhi kisanduku kilikuwa kinaamka, kwamba yale maneno ni ya sifuri, si ya watu. Sijui alielewa kiasi gani. Mwiko ulianguka ndani ya wali. Alitoka mbio vilevile alivyokuja, bila viatu, na wanawake wote nyuma yake, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu alipaza sauti kuita mitumbwi itoke kumtafuta mumewe. Alikuwa amepoteza siku nzima akipika karamu ya kaka yangu.

Uani tulibaki wawili na samaki wanaoungua. Mama alikuwa bado ameshika sahani.

"Ulijua," nilisema. Nilikuwa mkali, siwezi kujipamba. "Ulijua ni uongo. Umeniambia mwenyewe kwamba unajua."

"Nilipoyaona peke yangu nilijua," alisema. "Aliposema mtu mwingine, niliamini."

Akairudisha sahani kwenye rafu. Aliinuka kwa ncha za vidole ili kuifikisha, na mimi sikumsaidia. Nilimwonea huruma iliyoniuma kifuani kama kichomi.

Yule mvuvi alipatikana. Mashine yake ilikuwa imekufa alfajiri na mkondo ulimchukua mbali. Boti ya wafanyabiashara waliokuwa wanavuka kutoka upande wa pili ilimkuta akipunga shati, ikamleta kesho yake asubuhi, midomo imepasuka, macho mekundu, hai. Ujiji ilishangilia kwa haki safari hii. Mama alikwenda kumwona. Alikaa karibu na kitanda chake kwa muda mrefu, akimtazama anavyokunywa uji, kikoromeo kinavyopanda na kushuka kwa kila funda. Yule jirani hakutulaumu kwa neno. Angetulaumu ningejisikia nafuu.

Njiani kurudi, tulipofika msikitini, mama alisimama.

"Mume wa mtu alikuwa majini," alisema, "nami nilikuwa nafurahi kwa maneno yaleyale. Nenda ukakitengeneze."

Kutengeneza kwenyewe hakukuwa kazi. Dawa ya ugonjwa huu inajulikana na kila fundi wa seva: bawabu asimpeleke mgeni ndani mpaka mwenye nyumba aseme niko tayari. Kabla ya hapo asijibu kwa niaba yake. Amwambie mgeni angoje, tena amwambie arudi baada ya muda gani, ili simu yenyewe ijue kuuliza upya. Kazi ilikuwa maneno. Bawabu atasema nini?

Karani wa mwalo, mzee mnene asiyezima redio hata akiongea na simu, aliita wenzake wawili na tukakaa chumbani kwake. Nilipendekeza: Sijui bado. Uliza tena.

"Sijui?" karani alisema. "Mtambo wa mradi, uliozinduliwa na mkuu, useme sijui? Si watatucheka mpaka Kasulu?"

"Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, lakini juzi mtambo wa mradi ulijifanya unajua, na mtu nusura afe."

"Andika basi, Tafadhali subiri."

"Tafadhali subiri haisemi kitu. Mtu atadhani ni mtandao mbovu, atakaa."

Mmoja akataka tuandike kwamba mambo ni shwari, subira yavuta heri. Nilisimama. Nina tabia ya kusimama ninapokaribia kutukana, ili nipate muda wa kutafuta neno jingine. Ndipo mlango ukajaa kivuli, na mama yangu akaingia. Hakuwa ameukanyaga mwalo tangu kaka yangu alipotoka. Alisalimia, akaamkiwa, akakataa kiti.

"Mnaliogopa neno hakuna, na mna haki," aliwaambia. "Mimi pia naliogopa. Lakini neno sijui si neno hakuna. Nimekaa na sijui nyumbani kwangu muda wote huu na haijaniua. Kilichotaka kumuua yule ni wamerudi. Mwacheni huyu mtoto aandike."

Karani alipunguza redio. Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote. Nikaandika.

Siku chache baadaye umeme ulikatika asubuhi, nami niko mwaloni. Niliunganisha kompyuta yangu na kisanduku nione kinavyoamka. Umeme uliporudi bawabu alifungua mlango, na wa kwanza kupiga hodi ilikuwa simu ya mama. Niliitambua kwa jina, nililiweka mwenyewe. Akajibiwa: Sijui bado. Uliza tena. Nikasubiri aache, kwa maana mama hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Akauliza. Sijui bado. Akauliza tena, na tena, kwa kidole chake mwenyewe, bila kungoja simu ifanye. Nilikuwa nauona moyo wake unavyogonga mlango wa kile kisanduku na sikuwa na la kufanya. Kisha programu ikaamka, ikamjibu: Mtumbwi mmoja uko nje. Akanyamaza.

Simu yangu ikalia.

"Nimeona," alisema.

"Umeona nini, mama?"

"Kwamba hakijui. Siku zote kinasema yuko nje, nami nikadhani kinajua kitu ambacho sisi hatukijui. Kumbe kinasema kile tu alichokiambia karani siku ile. Baada ya hapo hakijaongeza lolote." Nilimsikia anapumua. "Kuuliza si ujinga, lakini nimekuwa nikimuuliza karani yuleyule, siku ileile. Ukirudi pitia sokoni. Chukua mchele, na sukari ya kutosha, na tende kama zipo. Mwambie sheikh kwamba Ijumaa tutamsalia."

Tulimsalia. Msikiti ulijaa, pakawa na safu bila jeneza mbele yake, na wanaume aliowahi kugombana nao wote walikuwapo, ndiyo kusema mji mzima. Yule jirani alipika, na mumewe akagawa sahani. Sahani ya kaka yangu ilitumika. Sijui nani alikula ndani yake. Mama aliichanganya na nyingine kwa makusudi ili tusijue.

Baada ya hitma karani alinijia pembeni, amevaa kanzu, hana redio, anaonekana kama mtu aliyenyang'anywa mkono. Akaniuliza afanye nini na ule mtumbwi. Angeweza kubonyeza kwamba umerudi, orodha ikawa safi. Mama alimsikia.

"Hakurudi," alisema. "Usiniandikie aliyerudi."

Nikakiongezea kisanduku neno la tatu. Nitakiri kwamba wazee walinisumbua kidogo tu. Mtumbwi sasa unaweza kutoka, kurudi, au kutokurudi, na wa tatu hauhesabiwi miongoni mwa walio nje. Lakini hapo pakazuka jambo jingine: hesabu ikifika sifuri kwa haki, ukurasa useme nini? Wote wamerudi ulikuwa uongo sasa, wa kudumu, mchana kutwa. Hakuna haitamkwi. Ni karani aliyelipata, akiwa amekaa juu ya kreti la soda. "Andika, Waliorudi wamerudi," alisema, kisha akaomba aongezewe wali.

Ndivyo unavyosema mpaka leo. Wanawake wa mwaloni wameanza kupaziana hivyo hivyo asubuhi, Waliorudi wamerudi, kama vile ndivyo bibi zetu walivyosema. Mama hatazami tena. Simu yake anaitumia kusikiliza mawaidha na kunigombeza nikiwa mbali. Mlango unafungwa kwa komeo, chumba kimepangishwa kwa mwalimu aliyehamishiwa hapa kikazi, kijana nadhifu anayevua viatu nje bila kuvigonga.

Mimi ndiye niliyebaki. Umeme ukikatika naacha ninachofanya. Ukirudi, wa kwanza kupiga hodi kwenye kile kisanduku ni mimi. Betri mpya ililetwa. Iko chini ya meza yangu ndani ya boksi lake, na kila wiki najiambia kwamba wiki hii nitaifunga, kisanduku kisizime tena. Najua kila neno kitakalonijibu, kwa maana niliyaandika mwenyewe. Sijui bado, kinasema. Uliza tena.

Nauliza tena.